Mchoro wa penseli kwenye kompyuta: kusafisha karatasi na kupaka rangi bila kuipoteza penseli

Mchoro ukishaskaniwa, ndani ya faili kuna vitu viwili: penseli na karatasi. Kusafisha maana yake ni kuiondoa karatasi na kuiacha penseli ilivyo. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanakaza mwanga na giza mpaka mstari unakuwa mweusi kama wa kalamu ya wino, kingo zimekatikakatika, na ule ulaini wa penseli ya 2B umekwenda na maji. Anayetaka mstari wa wino ni heri achore kwa wino. Mwongozo huu ni wa anayetaka chembe za penseli ziendelee kuonekana hata baada ya rangi kuingia.

Mfano tutakaoufuata ni mchoro wa A4 wa mwanamke aliyejifunga kanga, umechorwa kwa HB na 2B. Programu ni GIMP 2.10, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili uyapate haraka. Krita na Photoshop zina amri zinazofanya kazi hizohizo.

Karatasi na kioo

Mabaki ya raba yapanguse kwa brashi kavu. Usitumie kiganja, kwa sababu kiganja kina mafuta, na unga wa penseli ukikutana na mafuta unasambaa na kuwa wingu la kijivu ambalo litakula muda wako baadaye. Kioo cha skana kisafishe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Usinyunyize maji juu ya kioo, yatapenya pembeni na kuingia ndani ya mashine. Alama moja ya kidole kwenye kioo itatokea kwenye kila ukurasa utakaoskani siku hiyo.

Kama karatasi ni nyembamba au nyuma yake kuna maandishi, weka karatasi nyeusi mgongoni mwake kabla ya kufunika. Mfuniko wa skana ni mweupe, kwa hiyo hurudisha mwanga kupitia karatasi na kuleta mbele yaliyoandikwa nyuma. Karatasi nyeusi huumeza mwanga huo. Ukurasa utatoka na ukijivu kidogo, lakini huo unaondoka kirahisi.

Kuskani

Chagua rangi au kijivu. Usichague kamwe ile hali ya nyeusi na nyeupe inayotumika kwa maandishi: hiyo hulazimisha kila pikseli iwe nyeusi tupu au nyeupe tupu, na kivuli cha penseli chote kinakufa palepale, hakirudi tena. Zima marekebisho ya moja kwa moja ya mashine, hasa yale ya kunoa picha na kuongeza ukali wa mwanga.

Dpi (nukta kwa inchi) 300 ndiyo ya chini kabisa; A4 inatoka na pikseli 2480 kwa 3508. Kwa mchoro mdogo, au utakaochapwa mkubwa kuliko ulivyo, tumia dpi 600, yaani 4960 kwa 7016. Angalia na nguvu ya kompyuta yako. Leya (tabaka la picha) moja iliyojaa katika dpi 300 inachukua takriban MB 35 za kumbukumbu. Katika dpi 600 inafika karibu MB 140. Laptopu ya GB 4 yenye leya nane za namna hiyo itaanza kukwama. Njia nzuri ni kuskani kwa 600, kusafisha, kisha kupunguza ukubwa hadi nusu kabla ya kuanza rangi. Upunguzaji huo wenyewe hulainisha vumbi dogo.

Hifadhi kwa PNG au TIFF. JPEG huacha vijimiraba vya ukungu kandokando ya mistari. Kwa macho havionekani, lakini ukishagusa mwanga na giza vinaibuka vyote.

Ukiskani steshenari, kumbuka kwamba mara nyingi mashine imeandaliwa kwa ajili ya vyeti na fomu: PDF, dpi 150 au 200. Mweleze mhudumu kabla hajabonyeza: kwa rangi, dpi 300 au 600, faili ya PNG au TIFF. Chukua faili kwa flashi. Ikitumwa WhatsApp kama picha, itabanwa na kazi yote ya skana itakuwa bure.

Waliochora rasimu kwa penseli ya bluu hafifu wana bahati. Skani kwa rangi, kisha nenda Colors, Components, Extract Component, uchague RGB Blue. Katika chaneli ya bluu, yaani sehemu ya picha inayobeba bluu peke yake, penseli ya bluu inang'aa karibu sawa na karatasi, hivyo rasimu inatoweka, ilhali penseli nyeusi ni nyeusi katika chaneli zote. Rasimu ikiwa ya penseli nyekundu, chagua RGB Red.

Ukiwa na simu tu

Weka karatasi mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na karatasi, bila kuvuta zumu na bila flashi. Penseli inang'aa, mwanga wa flashi ukigonga eneo la 4B utarudi mweupe, na penseli hapo haitaonekana.

Kisha, bila kuhamisha chochote, toa mchoro, weka karatasi tupu ya aina ileile mahali pale pale, upige picha ya pili. Hii ndiyo siri ya kazi nzima. Ndani ya GIMP, ziondolee rangi picha zote mbili kwa Desaturate, weka ile ya karatasi tupu juu ya mchoro, itie ukungu wa Gaussian Blur wa pikseli 30 hivi, na modi ya leya iwe Divide. Programu inagawanya mwanga wa mchoro kwa mwanga wa karatasi tupu, pikseli kwa pikseli, na kivuli cha mkono wako au cha fremu ya dirisha kinafutika. Unganisha leya hizo mbili, uendelee kana kwamba ulitumia skana.

Wapo wanaotumia nakala ya mchoro wenyewe iliyotiwa ukungu mzito badala ya picha ya pili. Inafanya kazi kwa mistari mitupu. Lakini penye eneo kubwa jeusi, kama nywele au buibui, programu huona giza lile ni upungufu wa mwanga na kulifanya kijivu, huku ukingoni kukitokea utando mweupe.

Levels: hapa nenda polepole

Fungua Colors, kisha Levels. Utaona chati yenye kilima kirefu upande wa kulia: hicho ni karatasi. Ule mteremko mrefu na mwembamba unaoelekea kushoto ndiyo penseli. Chini yake kuna pembetatu tatu.

Anza na nyeupe. Isogeze kushoto mpaka ifike kwenye mguu wa kushoto wa kile kilima, basi. Kwa skana na karatasi nyeupe mara nyingi inaangukia kati ya 225 na 235. Ukiendelea hadi 200, karatasi itakuwa safi kweli, lakini kivuli chepesi cha shavu na mistari ya kwanza ya nywele vitakuwa vimefutika pamoja nayo. Pembetatu nyeusi ipeleke pale chati inapoanza kuinuka, kwa kawaida 50 hadi 70; penseli hung'aa kidogo, kwa hiyo haishuki hadi sifuri kama wino. Ya katikati iweke 0.85 hivi ili penseli ikolee bila kuongeza ukali.

Sasa kagua. Kuza nyusi au ukope hadi asilimia 400. Kati ya kiini cha mstari na weupe wa karatasi unapaswa kuhesabu ngazi tatu au nne za kijivu, na ndani ya mstari uone vitobo vyeupe pale penseli iliporuka mabonde ya karatasi. Vitobo hivyo ndivyo vinavyoliambia jicho kwamba hii ni penseli. Mstari ukiruka kutoka nyeusi hadi nyeupe ndani ya pikseli moja, umekaza mno; tengua na uilegeze pembetatu nyeupe.

Kama upande mmoja wa ukurasa una kivuli, tuseme mchoro umo ndani ya daftari lililoshonwa, usijaribu kukishinda kwa Levels ya ukurasa mzima. Chagua ukanda ule peke yake, ulainishe ukingo kwa Select, Feather, pikseli 100, halafu tumia Levels humo tu.

Uchafu uliobaki

Macho hayaoni kijivu cha 250 kwenye skrini, lakini rangi ikiingia chini yake kitaonekana kama doa la mafuta. Tengeneza nakala ya leya, tumia Colors, Threshold, weka 255. Kila kisichokuwa cheupe kabisa kitageuka cheusi, na utapata ramani ya uchafu wote. Ipunguze Opacity hadi asilimia 30 uitumie kama mwongozo, kisha rudi kwenye leya ya chini.

Nje ya mchoro kazi ni nyepesi: zungushia umbo kwa Free Select ukiacha nafasi kidogo, geuza uchaguzi kwa Select, Invert, jaza nyeupe. Uchafu wote wa pembeni unaondoka kwa pigo moja. Ndani ya mchoro tumia Dodge, Range ikiwa Highlights na Exposure 25. Dodge ya namna hii huinua kijivu hafifu hadi nyeupe na kuacha mistari mizito karibu kama ilivyo, hivyo unaweza kupita hadi ubavuni mwa mstari bila kuukata. Kwa vidoa vigumu, brashi ndogo nyeupe.

Despeckle iache. Haijui tofauti ya vumbi na chembe ya penseli. Inakula zote mbili.

Kutenga penseli na karatasi

Hakikisha picha iko RGB kupitia Image, Mode. Kisha Colors, Color to Alpha, rangi ikiwa nyeupe. Nyeupe yote inakuwa uwazi, na kila kijivu kinakuwa nyeusi inayopenyeza kwa kiasi chake. Iite leya hii MSTARI na uiweke juu kabisa. Chini yake ongeza leya nyeupe iwe karatasi mpya. Linganisha na picha ya kabla ya hatua hii. Kama imebadilika sana, huenda kuna hatua umeikosea.

Unaweza pia kuacha leya ilivyo na kuiweka modi ya Multiply, ambayo huzidisha rangi ya juu na ya chini na kutia giza. Inatosha kwa kazi ya haraka, ila hutaweza kuibadilisha penseli rangi baadaye, na hilo tutalihitaji.

Uzio, kisha rangi bapa

Ukimwaga rangi kwa Bucket Fill ndani ya mstari wa penseli, rangi inavuja hadi mwisho wa ukurasa. Ni kwa sababu mstari wa penseli kwa kompyuta ni safu ya nukta zenye mapengo, na pengo la pikseli moja linatosha. Tangu toleo la 2.10.10, GIMP ina chaguo la kujaza kwa kutambua mistari, Fill by line art detection, ambalo huziba mapengo lenyewe. Lijaribu kwanza. Kwa penseli nzito linatosha. Kwa penseli laini mara nyingi hubaki na visiwa vyeupe au kuvuka mipaka.

Likishindwa, jenga uzio. Nakili MSTARI, uweke juu ya nyeupe na kuunganisha, tia Gaussian Blur ya 2, kisha Threshold ya 215. Ukungu unaunganisha nukta, Threshold inazigandisha, na unapata mstari mnene usio na tundu. Palipobaki wazi, kama mkono ulioachwa bila kufungwa kimakusudi, ziba kwa brashi nyeusi. Leya hii, iite UZIO, ni chombo cha kazi tu, hakuna atakayeiona.

Ukiwa juu ya UZIO, bonyeza ndani ya eneo kwa Fuzzy Select, Sample merged ikiwa imezimwa. Kisha Select, Grow. Hatua hii isirukwe. Uzio ukiwa na unene wa pikseli 8, panua kwa 5, ili rangi iingie chini ya mstari na kukutana na rangi ya jirani katikati yake. Wasiopanua ndio wanaobaki na utepe mweupe kandokando ya kila mstari, halafu wanaufukuza kwa brashi saa nzima. Hamia kwenye leya mpya, iite RANGI, iliyo chini ya MSTARI, jaza kwa Edit, Fill with FG Color. Anza na vilivyo nyuma, maliza na vilivyo mbele, ili cha mbele kifunike kilichozidi.

Marekebisho ya rangi bapa, yaani rangi isiyo na kivuli, yafanye kwa zana ya Pencil. Paintbrush inaacha ukingo laini wenye pikseli za rangi mchanganyiko. Kesho ukitaka kuchagua ngozi yote kwa Select by Color, pikseli hizo zitabaki nje.

Ngozi

Mchoro wa penseli tayari una kivuli chake. Kwa hiyo kivuli cha rangi kiwe nusu ya kile ambacho ungeweka kwenye mchoro wa wino; ukiweka kamili, uso unakuwa na masizi.

Tuseme ngozi bapa ina namba ya rangi #8A5A3C. Fungua leya ya KIVULI juu yake, modi Multiply. Ukipaka kijivu #999999 unapata #533624, yaani kahawia ileile iliyofifia, mithili ya ngozi yenye vumbi. Ukipaka zambarau-waridi #B58FA0 unapata #623226, kahawia yenye damu ndani yake. Tofauti ni ndogo kwenye tarakimu na kubwa machoni. Kivuli cha ngozi nyeusi kinataka wekundu, hasa masikioni, puani na kwenye vifundo vya vidole. Rangi nyeusi tupu usiiguse kabisa.

Mng'ao nao una tabia yake. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huonekana wazi kuliko kwenye ngozi nyeupe, kwa hiyo juu ya shavu na paji la uso weka rangi ya mwanga wenyewe: bluu hafifu ya anga kama yuko nje kivulini, manjano iliyopauka kama ni jua la jioni. Leya ya MNG'AO iwe Screen, Opacity asilimia 30 hadi 40, brashi laini. Kahawia iliyochanganywa na nyeupe huleta ngozi ya chokaa.

Kanga

Kosa linalojirudia ni kumwaga ruwaza juu ya nguo yote kama karatasi ya ukutani. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina juu ya pindo la chini. Mtu akijifunga, vitu hivyo vinafuata kitambaa.

Ichore kanga ikiwa imetandazwa kwanza, kwenye faili tofauti. Kanga huwa takriban sentimita 150 kwa 110, basi turubai ya pikseli 3000 kwa 2200 inakupa uwiano ulio karibu na wa kweli. Tumia rangi mbili hadi nne tu, kingo kali. Nyeupe yake iwe #F3ECE0, ili ibaki nafasi ya kung'arisha mikunjo; ukianza na nyeupe kamili huna pa kupanda.

Halafu igawe kwa mikunjo. Kwenye mchoro, kila mkunjo wa penseli unatenganisha vipande viwili vya kitambaa. Nakili sehemu ya kanga kwa kila kipande, izungushe kufuata mwelekeo wake, ipinde kidogo kwa Warp Transform, na ikate kwenye mstari wa mkunjo. Ruwaza isiunganike pale mkunjo unapopita: mstari wa pindo unapofika kwenye mkunjo unakatika, na ng'ambo unaendelea ukiwa umeshuka au kupanda, kwa sababu sehemu ya kitambaa imemezwa ndani. Ukikosea hapa, hata kivuli kizuri namna gani hakitaokoa nguo. Jina nalo litamezwa herufi mbili tatu. Liache limezwe, watu wamezoea kulisoma hivyo.

KIVULI ya Multiply inapita juu ya ruwaza yote kwa pamoja. Nyekundu na nyeupe zitaitikia, ila pindo jeusi halitaonyesha chochote, maana Multiply juu ya nyeusi ni nyeusi. Mikunjo ya sehemu nyeusi ionyeshe kwa MNG'AO pekee, mistari myembamba ya kijivu-bluu kwenye migongo ya mikunjo.

Kumpa mstari rangi

Juu ya manjano, penseli ya kijivu inageuka kijani cha matope. Juu ya ngozi inakaa kama uchafu. Ndiyo maana tulitumia Color to Alpha. Chagua leya ya MSTARI, washa kufuli ya alpha kwenye jopo la leya, kisha paka kwa brashi kubwa: kahawia nzito #3B2218 kwenye uso na mikono, nyekundu ya damu ya mzee kwenye kanga nyekundu, bluu ya usiku kwenye vivuli vya mbali. Kufuli inahakikisha rangi inashika palipo na penseli tu, na uzito wa kila chembe unabaki uleule. Mboni na tundu za pua ziache nyeusi.

Kuhifadhi

Faili ya XCF (ya GIMP yenyewe) ya leya zote itunze, UZIO ukiwa ndani yake. Ya kuchapa itoe kwa TIFF au PNG ya dpi 300, na uchape kipande kidogo kwanza, kwa sababu bluu kali na kijani kibichi hupoa kwenye karatasi kuliko skrini. Ya mtandaoni ipunguze hadi pikseli 2000 upande mrefu, JPEG ya ubora 90. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti.